Mbuzi Niliowaomba kwa Mzaha

Watu wa Kitui waliniogopa tangu nilipofika, na mimi niliwaogopa wao, na sababu ilikuwa ile ile moja. Mimi natoka Pemba. Kwetu, mtu akisikia kuna Mkamba kapanga nyumba jirani, anazika kucha alizokata na anachoma nywele zilizobaki kwenye kitana, zisije zikafika kwa waganga wa Ukambani. Kumbe na wao wakisikia kuna Mpemba kahamia mtaani wanafanya hivyo hivyo. Kwa hiyo tuliishi kwa adabu ya ajabu. Nguo zangu zililala kwenye kamba na hakuna aliyegusa hata soksi. Jirani akiazima kinu anakirudisha kimeoshwa. Ilichukua miaka kabla hatujaambiana ukweli, kwamba si mimi wala wao tuliojua dawa hata ya kikohozi.

Nilifika na mume wangu, fundi cherehani, katikati ya miaka ya sitini, binti yetu akiwa bado ananyonya. Mume aliambiwa kwamba Kitui kuna shule nyingi zinazotaka sare na hakuna mafundi. Walikuwepo mafundi, tena wazuri, lakini tulishafika. Kifua chake hakikupatana na vumbi, akafariki kabla binti hajaanza shule, nikabaki na cherehani nisiyojua kuiendesha na Kiswahili nilichokijua kupita kiasi. Cherehani niliiuza. Kiswahili ndicho kilichonilisha.

Nilifungua mkahawa wa chai na mahamri karibu na soko. Mahamri yangu yalikuwa mazuri, nasema mwenyewe kwa kuwa wengi walioyala hawapo tena kunisemea, lakini wateja hawakuja kwa mahamri. Walikuja kunisikia nikiongea. Nikisema, "Karibuni, stareheni, niwaandalie nini?" meza nzima inainama kwa kicheko. "Mama, sema tena hiyo ya kustarehe," wananiambia, na wengine wanaita wenzao barabarani waje wasikie. Mwanzoni nilinuna. Nimelelewa nikiambiwa kwamba nasema vizuri, sasa nimekuwa kasuku wa kuonyeshwa wageni. Baadaye nikajifunza kulipiza. Wao Mungu amewapa herufi za ziada, karibu kila neno lazima walitangulizie M au N: duka ni nduka, dereva ni ndereva, na bibi, yaani mke wa mtu, masikini, anaitwa mbimbi. Nilipoanza kuwaiga walicheka zaidi kuliko walivyonicheka mimi, nikaona kwamba hawa ni watu ninaoweza kuishi nao.

Kosa langu kubwa la lugha nililifanya sokoni. Ndengu, ambazo Kitui zinalimwa kila mahali, kwetu Pemba tunaziita chooko. Nilimwendea mama mmoja aliyekaa kati ya magunia yake, nikamsalimia, nikauliza habari za nyumbani, za watoto, za mifugo na za mvua, kisha nikamwuliza kwa heshima zote kama ninaweza kupata chooko. Akanitazama kwa huruma, akaninyooshea kidole nyuma ya soko. Nikaenda. Nilikuta watu wamepanga foleni, nikasema moyoni, basi huku ndiko kwenye bei nzuri, nami nikapanga foleni na kikapu changu. Nilipofika mbele, harufu ndiyo iliyonieleza.

Aliyeniona kwenye ile foleni ya choo na kikapu mkononi alikuwa kijana mmoja fundi wa baiskeli, aliyefanyia kazi zake kwenye kibaraza cha mkahawa wangu. Alitoka upande wa Migwani, mwembamba, masikio makubwa, na uso wake ulikuwa mzito kama wa mtu anayepeleka habari za msiba. Kwa uso huo huo alikuwa anasema mambo ya kuvunja mbavu. Pancha alikuwa anaiziba haraka sana, lakini mwenye baiskeli haondoki mpaka adhuhuri. Kulikuwa na karani mmoja aliyeleta baiskeli nzima kabisa, akaitoa upepo mwenyewe pale kwenye kona, ili apate sababu ya kukaa. Na kila aliyekaa alikunywa chai. Mimi ni mfanyabiashara. Nililitazama jambo lile kwa muda, kisha nikachukua kreti la soda, nikaligeuza juu chini ndani ya mkahawa na kumwambia apande asimame pale Jumamosi baada ya soko, aseme yale yale.

Hivyo ndivyo nilivyoanza biashara ya vichekesho, kabla sijajua kwamba kuna watu mahali pengine duniani wanaoifanya. Nilijua tu kwamba mtu akisimama peke yake juu ya kreti, wengine wakakaa, chai inakwenda. Nilipeleka ubao kwa mchoraji aniandikie "Klabu ya Kucheka". Nafasi ikamwishia, akaandika KLABU peke yake kwa herufi kubwa nyekundu, akaniambia watu wataelewa. Walielewa vibaya. Jumamosi ya kwanza wanaume walikuja kutafuta pombe, na wake zao wakaja kutafuta wanaume. Mchungaji naye akaja, amebeba Biblia yake kwapani, tayari kunikemea. Alikuta watu wanakunywa chai ya tangawizi na fundi wa baiskeli yuko juu ya kreti anaigiza mkalimani wa kanisani: mhubiri anasema maneno mengi mpaka jasho linamtoka, mkalimani anageuza kwa Kikamba neno moja tu, mhubiri anasema "Amina", mkalimani anaeleza nusu saa. Mchungaji alikaa. Alicheka mpaka Biblia ikamponyoka. Alirudi mara nyingi, ila alikaa karibu na mlango ili aweze kusema alikuwa anapita.

Chifu ndiye aliyetusumbua. Mikutano ilihitaji kibali, na yeye alitaka kuhakikisha hakuna siasa, basi kila wiki fundi alilazimika kwenda ofisini kumsimulia vichekesho vyote kabla. Chifu anacheka peke yake ofisini mpaka anafuta machozi, anatoa kibali. Jumamosi anakuja, anakaa mstari wa mbele, na kwa kuwa ameshavisikia vyote hacheki hata kimoja. Watu wanamwona chifu kanuna, nao wanaogopa kucheka. Tulihangaika sana na jambo hili. Mwishowe fundi akawa anambakizia chifu kichekesho kimoja cha ng'ombe, kisicho na hatia yoyote, ambacho hakukitaja ofisini, na akakiweka mwanzo kabisa. Chifu akicheka, ukumbi umefunguliwa.

Baada ya miaka tulikuwa na kumbi tatu. Ya Kitui ilikuwa ule mkahawa, uliopanuliwa kwa mabati. Ya Mutomo ilikuwa ghala la nafaka ambalo mwenyewe alinikodisha wakati wa ukame, halina kitu ndani ila panya wenye njaa. Ya mji wa Wote, upande wa Makueni, ilikuwa kiwanda cha mbao, na watu walikaa juu ya magogo yaliyokuwa yanangoja kupasuliwa. Tulikuwa na wachekeshaji wengine, lakini watu walimtaka fundi. Na cha fundi walichokitaka kuliko vyote nilikuwa mimi.

Alikuwa anajitanda leso, anashika kikapu, anaingia sokoni kutafuta chooko. Anasalimia. Anasalimia tena. Anauliza habari ya shangazi wa mwenye ndengu na habari ya ng'ombe wa shangazi, mpaka ndengu ndani ya gunia zinaota majani. Halafu ile foleni. Nusu ya kichekesho ilikuwa kwake pale mbele, na nusu ya pili ilikuwa kwangu mlangoni. Nilikuwa na kiti changu pale, nikikusanya viingilio, na kila aliposema neno watu wote walikuwa wanageuka kuniangalia. Nilijua kazi yangu. Nilikuwa nakunja uso, napandisha nyusi, natikisa kidole, namfokea, "Mwongo we! Sikukaa hata dakika!" Hapo ndipo mabati yalipokuwa yanatetemeka. Nasema wazi kwamba kwenye kile kiti nilikuwa na furaha ambayo sikuipata mahali pengine Ukambani. Nje niliitwa Mama Mswahili, mgeni. Ndani, watu wote walikuwa wanausubiri uso wangu.

Binti yangu alikuwa anapitisha chai. Amekua, mrefu kama baba yake, na Kikamba anakisema bila kufikiri. Nilianza kuona kwamba chai ya fundi inajazwa mpaka inamwagika kwenye kisahani. Nikaona pia kwamba fundi, mtu asiyekosa maneno, akipewa kikombe anasema "asante" kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Mji wote ulijua. Mimi nilijifanya sijui, kwa kuwa mama akijua lazima afanye jambo.

Basi Jumamosi moja, ukumbi wa Kitui umejaa mpaka madirishani, fundi amemaliza kuniigiza, watu wanafuta macho. Nami nikiwa kwenye kiti changu nikaingiwa na ukorofi. Nikasimama, nikamwelekezea kidole, nikasema kwa sauti ya kufika barabarani: "Wewe, kama unamtaka binti yangu, niletee mbuzi! Mama wote wa hapa wanaletewa mbuzi. Au mimi si mama?"

Nadhani hakikuwahi kutoka kicheko kama kile katika maisha yangu yote. Mtu mmoja alianguka kutoka dirishani, akaanguka nje. Binti alikimbilia jikoni. Na juu ya kreti fundi alisimama, ule uso wake wa msiba umekuwa wa msiba kweli, na yeye peke yake hakucheka.

Mwezi haukuisha. Asubuhi moja nafungua mlango nakuta mbuzi uani kwangu, na wazee wa kwao Migwani wamesimama nyuma ya mbuzi, na mbele yao shangazi yake. Fundi hakuwa na mama. Huyu shangazi ndiye aliyemlea. Mwanamke mkubwa, mzito, mtu wa kanisani, mwenye sauti ya kuongoza kwaya bila kipaza sauti.

"Tumekuja na ntheo," akasema. Ntheo ni wale mbuzi wa kwanza wanaofunga ndoa ya Kikamba. Bila hao, mtu anaweza kukaa na mke mpaka azeeke na bado akaambiwa ameazima.

"Bi mkubwa," nikamwambia, "mimi nilikuwa nafanya mzaha."

"Mama, wewe ulisema mbuzi. Mbele ya watu. Hapa hatunanga mbuzi ya mzaha."

Kusema kweli nilifurahi. Fundi alikuwa amekwenda msikitini mwenyewe, amesilimu bila kunishirikisha, na shangazi alipoulizwa kanisani kuhusu hilo alijibu kwamba Mungu anazijua njia zote za kwenda kwake, hata ile inayopitia mkahawani. Nikaah tungefunga kwa shehe. Ningeweza kusema, basi, nikaah inatosha, warudisheni mbuzi. Lakini tangu nifike katika nchi ile nilikuwa nawaona mama wengine wakiletewa mbuzi, na mimi ndiyo kwanza naletewa. Nikamwita mtu wa msikitini akaja akachinja. Wakanikatia fungu la mama wa binti, wakaniwekea mbele, na wote wakakaa wakinitazama. Nilidhani wanangoja kuona kama mtu wa pwani anajua kula nyama choma. Nikala, nikalamba vidole. Shangazi akashusha pumzi, akasema, "Haya, imeisha." Nilipoinua macho kumtafuta fundi nimpe mfupa, hakuwepo. Nikadhani amekwenda kunawa mikono.

Hapa lazima nieleze jambo, ingawa nilikuwa nalijua siku zote na ndiyo maana linaniudhi. Kwa Kikamba mkwe anaitwa muthoni, na aibu inaitwa nthoni, na mwenye masikio anasikia kwamba ni neno moja. Mwanamume na mama wa mkewe hawakai pamoja, hawali pamoja, hawatazamani usoni, na upuuzi hausemwi mbele yao wakiwa wote wawili. Niliona watu wazima wakitupa baiskeli na kuingia kwenye miiba kwa kuwa mama mkwe ametokeza kwenye kona. Nilimwona mwalimu mkuu, na tai yake shingoni, amejificha nyuma ya gunia la makaa. Tulivicheka sana vituko hivyo ukumbini. Fundi alikuwa na kimoja kizuri cha mtu aliyekutana na mama mkwe wake katikati ya daraja jembamba, kila mmoja anarudi nyuma, anarudi tena, mpaka mmoja anachelewa mazishi na mwingine anachelewa harusi. Nilicheka mimi kuliko wote. Ilikuwa mila ya wenyeji, na mimi nilikuwa mgeni. Mgeni hana wa kumwonea aibu.

Jumamosi iliyofuata, nikaah imeshafungwa msikitini, tulikuwa kule Wote. Nilitangulia kwa pikapu na viti na birika. Fundi, nikaambiwa, atakuja kivyake. Kiwanda cha mbao kilijaa. Nikakaa kwenye kiti changu mlangoni. Fundi akatokeza kwa mlango wa nyuma, leso begani, kikapu mkononi, akapanda kreti, akafungua mdomo, akaniona.

Alichukua kikapu akajivika usoni. Akasimama hivyo kidogo, kichwa ndani ya kikapu. Kisha akashuka, akapapasa ukuta mpaka akalifikia dirisha, akapita, akaenda zake.

Nikacheka. Nilidhani ni kichekesho kipya, tena kizuri. Nilicheka peke yangu, sauti yangu ikazunguka kwenye mbao zote na kunirudia. Nilipotazama, watu wote walikuwa wameinamisha vichwa. Hakuna aliyegeuka kuniangalia. Wanaume waliochekea uso wangu kwa miaka walikuwa wanachunguza viatu vyao. Mzee mmoja alikohoa, akatoka kwa kupita pembeni kabisa, mgongo kwangu, na wengine wakamfuata mmoja mmoja, kwa heshima kubwa, kama watu wanaotoka matangani.

Nilirudi Kitui nimefura kwa hasira. Nilimwendea shangazi.

"Mimi si Mkamba," nikamwambia. "Kwetu mkwe ni mwanangu. Ananipakulia chakula, ananishika mkono, ananisikiza. Dini yenyewe imeruhusu!"

"Mama, ulikula ile nyama?"

"Nilikula."

"Ilikuwa tamu?"

"Ilikuwa tamu."

"Basi wewe ni muthoni. Hata mimi siwezi kuitoa hiyo tumboni mwako."

Sikukubali. Nilikuwa na nia ya kushinda. Jumamosi ya pili, pale Kitui, nilivaa buibui, nikajifunika uso nikabakiza macho tu, nikalipa kiingilio kwenye ukumbi wangu mwenyewe na kukaa katikati ya watu kimya kimya. Nilijiona mjanja. Sikukumbuka kwamba katika mtaa wote ule mwenye buibui nilikuwa mimi peke yangu. Watu wa mbele walisogea mbele, wa nyuma wakasogea nyuma, nikabaki katikati ya ukumbi peke yangu, mweusi, kama chungu jikoni. Fundi hakutokea kabisa. Nilisikia dirisha la jikoni likifunguliwa.

Nyumbani, binti yangu, ambaye sasa ni mke wa mtu, akanikalisha chini. "Mama," akasema, "ungeamua tu. Unataka mkwe ama unataka fundi?"

"Nawataka wote wawili. Ni mtu mmoja!"

"Hapa si mtu mmoja."

"Na kile kiti ni changu. Mimi ndiye niliyenunua mabati. Mimi ndiye niliyegeuza kreti. Bila mimi mumeo angekuwa anaziba pancha mpaka leo."

"Najua. Na yeye anajua. Hajalala tangu ile siku ya Wote. Anasema yuko tayari kurudia baiskeli. Lakini hatasimama mbele yako. Hata nikimwomba mimi. Anasema angekuwa anakutukana."

Nilifikiria usiku kucha, na sitasema nilifikiria kwa upole. Kama nikikaa, kumbi tatu zinakufa, na mkwe wangu anarudi kwenye pancha. Kama nikitoka, ninatoka mahali pekee palipokuwa pangu. Jumamosi ya tatu nilibaki nyumbani. Nilikaa jikoni nachambua mchele usiokuwa na mawe. Jioni binti akarudi na masufuria, mashavu yamemwiva kwa kucheka, akaniambia ukumbi ulijaa, watu walicheka mpaka benchi likavunjika. Nilisema, "Alhamdulillahi." Kisha nikaingia chumbani nikalia, kwa kuwa nilikuwa nimetumaini, Mungu anisamehe, kwamba bila mimi wasingecheka.

Jumamosi iliyofuata shangazi akaja kunichukua. Hakuuliza. Alinitwaa mkono, akanipitisha mbali na mlango wa mbele wa ukumbi, kupitia kwenye uchochoro wa mabanda ya kuku, mpaka nyuma, upande wa kivuli ambako ukuta wa mabati unakutana na ua wa miti. Sikuwahi kufika pale. Mwenye nyumba hana kazi nyuma ya nyumba yake.

Walikuwa wamekaa hapo mama watu wazima, mstari mzima, migongo kwenye mabati, miguu imenyooshwa, kila mmoja na kikapu cha kiondo anachosuka. Wengine niliwafahamu kutoka sokoni. Wengine walitoka mbali. Chini walikuwa wameweka mawe yaliyolainika kwa kukaliwa, na mabati nyuma yao yalikuwa yameng'aa mahali pa migongo. Miaka yote ile nilikuwa nashangaa kwa nini mama watu wazima hawaji kwenye ukumbi wangu. Nilidhani ni kanisa. Kumbe walikuwa wanakuja kila Jumamosi, tangu nilipoweka mabati, na hakuna hata mmoja aliyewahi kulipa kiingilio.

"Songeeni," shangazi akawaambia. "Huyu ni mwenzetu."

"Ni mama ya bibi ya nani?" mmoja akauliza.

"Ya yule anaongeanga."

"Aaai!" wakasema wote, wakaniangalia kwa heshima mpya, na wakasonga. Nilipiga hesabu haraka haraka kichwani ni kiasi gani wananipotezea kwa wiki, kisha nikakaa.

Ndani watu walikuwa wanacheka. Nikaona kwamba wenzangu hawakuwa wanasikiliza vichekesho tu. Walikuwa wanasikiliza wakwe zao. "Huyo ni wangu," anasema mmoja, anasuka. "Anachekanga kama amekwama na muhogo." Mwingine anainua kidole: "Wangu leo hajacheka. Labda msichana wangu amemkasirisha." Kukitoka cheko jembamba, mama wa mwisho anafunika mdomo kwa leso na mabega yanamtingishika. Hawa ni watu ambao wakikutana barabarani wanaingia kwenye miiba. Nyuma ya mabati walikuwa wanajuana mpaka pumzi.

Halafu nikasikia sauti ya fundi. "Mama ametoka?" akauliza.

"Ametoka!" ukumbi ukaitika.

Akaniigiza. Lakini hakuanza na chooko. Alianza na jambo ambalo sikuwahi kumsikia akilisema nilipokuwa mlangoni. Alisema, kwa sauti yangu, kwa lafudhi yangu, na yule mjinga aliipata sawasawa: "Mwakani narudi kwetu Pemba. Nimechoka na vumbi lenu. Mwakani hamnioni." Watu wakaanza kucheka. "Hebu nishikieni hii ngazi," akaendelea, kwa sauti yangu bado, "nipake nyumba chokaa." Kicheko kikapanda. "Mwakani narudi kwetu. Nipandieni mpapai hapa. Mwakani narudi. Nichimbieni kisima. Mwakani, wallahi, mwakani. Huyu mbuzi mnamleta wa nini? Haya, mfungeni pale."

Wenzangu wote waliacha kusuka. Hakuna aliyenitazama, waliinamisha vichwa juu ya vyondo vyao, wameuma midomo, wanangoja kuona kama nimeumia. Na nilikuwa nimeumia. Nilikuwa nimesema maneno yale kila mwaka, kwa kila mtu, na nilikuwa nadhani nasema kweli. Kicheko kikanitoka kabla sijakiruhusu, kikanitoka puani, nikakamata leso nikajiziba mdomo kwa mikono miwili, asije mkwe wangu akanisikia. Hapo ndipo na wao walipocheka, mstari mzima, kimya kimya, mpaka mabati yakaanza kugonga kwa migongo yetu.

Jirani yangu alikuwa bibi mmoja mdogo wa kutoka Kyuso, asiye na meno ya mbele. Alijifuta macho, akaniinamia sikioni, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli mwakani naenda.

Nikamwambia anyamaze, tusikie.